Zebaki mgodini, zebaki usoni: Dada, nta ya Ushirombo ingekutosha!

Na Mwandishi Wetu

Uso Fanta, miguu Coca-Cola. Utani huu ni wa siku nyingi na kila msomaji wa ukurasa huu ameshausikia, kama siyo kuutoa mwenyewe akiwa kijiweni. Anayetaniwa ni yule sistaduu aliyeukoroga uso mpaka ukawa rangi ya chungwa, halafu fedha ya kukorogea mwili mzima ikamwishia njiani. Vidole navyo humsaliti, kwa sababu vifundo vya vidole havikubali mkorogo kirahisi. Vinabaki vyeusi tii, kama vilivyoumbwa. Watu wanacheka, stori inaisha.

Safari hii tuache kucheka kidogo, tuchungulie ndani ya kikopo. Maana kwa mkazi wa Ushirombo, Runzewe, Masumbwe au Katoro, kimojawapo cha vitu vinavyotiwa humo siyo kigeni hata chembe. Ni zebaki. Ndiyo, ileile ya machimbo.

Nani wa kanda hii asiyejua kazi ya zebaki? Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye karasha, anaukoroga ule unga na zebaki ili iikamate dhahabu. Anapata kidonge cheupe kinachong'aa. Anakichoma, zebaki inapaa hewani kama moshi, dhahabu inabaki. Moshi huo umeandikiwa ripoti chungu nzima. Umoja wa Mataifa ulikuwa na mradi wake wa zebaki pale Rwamgasa, Geita, miaka ya 2000. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti yake juu ya watoto wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu katika machimbo ya Geita, Kahama na Chunya. Kwa hiyo mtoto wa mjini Ushirombo amekua akiambiwa: ile kitu ni sumu, kaa mbali nayo.

Halafu jioni dada yake anaipaka usoni na kwenda kulala.

MJAPANI ALIYEPIMA NYWELE

Kuna utafiti mmoja ambao ungefaa kubandikwa ukutani katika kila saluni ya Kanda ya Ziwa. Profesa Masazumi Harada wa Japani alikuwa daktari aliyetumia maisha yake kufuatilia ugonjwa wa Minamata, ule uliogundulika mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini na watu kula samaki wenye sumu. Yeye na wenzake walikuja huku kwetu, wakachukua nywele za wachimbaji wa dhahabu, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa mji wa Mwanza, wakazipima. Matokeo yalitoka mwaka 1999.

Wewe ungetegemea nini? Mchimbaji ndiye aongoze, si ndiyo? Kumbe wapi. Miongoni mwa waliokutwa na zebaki ya kupindukia kichwani walikuwamo watu ambao karasha hawalijui. Watafiti walipotafuta chanzo, kidole kikaelekea bafuni: sabuni ya kuogea yenye zebaki, ile inayouzwa ili ngozi ing'ae.

Na sabuni hizo zilitoka wapi? Tusiwasingizie Wakongo kwa kila jambo. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao tangu mwaka 1976, lakini kwa miaka mingi baadaye viwanda vya hukohuko viliendelea kupika sabuni hizo na kuzisafirisha kuja Afrika. Wao wasiogee, sisi tuogee. Kama kuna jambo la kumkasirisha kijana wa leo, naona ni hilo kabla ya jingine lolote.

INAFANYAJE KAZI?

Ngozi nyeusi ina rangi yake ya asili iitwayo melanini, nayo ni kama mwavuli uliofunguliwa juu ya ngozi ili jua lisiichome. Zebaki inazuia ngozi isitengeneze rangi hiyo. Baada ya majuma machache unaanza kung'aa, mashoga wanakusifia, na wewe unaongeza dozi. Wakati huohuo zebaki inapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu. Huko inazidhuru figo, ambazo ndizo zinazoelemewa kuliko viungo vingine, na inagusa mishipa ya fahamu: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kumbukumbu kuyumba, hasira zisizo na sababu. Kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni, na akishazaliwa inamfuata kwenye maziwa. Tena haimbagui nani amenunua kikopo. Taulo moja, mto mmoja, mama anambeba mtoto shavu kwa shavu, na mtoto naye anapata fungu lake.

Zebaki haiko peke yake kwenye huo mchezo. Ina ndugu wawili.

Wa kwanza ni hidrokwinoni. Huyu anasifika kwa kufuta madoa haraka, lakini ukizoea kumpaka kwa miaka analipa kinyume: mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi yanatokea mashavuni na chini ya macho, na kuyaondoa ni shughuli pevu. Madaktari wa Afrika Kusini waliliandika tatizo hilo mwaka 1975 baada ya kuliona kwa akina mama wa huko. Kwa maneno mengine, aliyekimbia weusi anarudishiwa weusi mwingine usio wake.

Wa pili ni steroidi. Huyu ni dawa halali kabisa hospitalini, inaandikwa na daktari kwa ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, kwa muda maalumu. Balaa linaanza pale bomba la dawa linapouzwa kama losheni, au muuza vipodozi anapolikamulia ndani ya ndoo ya mkorogo. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa inaonekana, michirizi inajichora mapajani na kwapani, chunusi zinafumuka, kidonda kidogo hakiponi. Tatizo kubwa ni hili: aliyezoea steroidi akiacha ghafla, uso unawaka moto na kuvimba, naye anaamini kwamba bila mkorogo hawezi kuishi. Anarudi dukani mbio. Biashara imenoga.

SHERIA IPO, KIKOPO KIPO

Msidhani Serikali haijui. Sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003 ndiyo iliyowapa TFDA rungu la kupambana na vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni, steroidi na wenzao. Mwaka 2019 mambo yakabadilika: TFDA ikawa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, masuala ya chakula na vipodozi yakahamia TBS. Kwa hiyo siku hizi ukiwa na wasiwasi na kipodozi, wa kumuuliza ni Shirika la Viwango. Tanzania pia imeridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, mwaka 2020. Na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana huko Geneva kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala kuuzwa nje au kuingizwa nchini ifikapo 2025. Zamani kulikuwa na kiasi kidogo kilichovumiliwa, sehemu moja katika milioni. Mlango huo nao ukafungwa.

Lakini sheria haisimami kaunta. Ushirombo umekaa juu ya barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na huku nyuma kuna machimbo ambako fedha inaingia kwa kishindo na kutoka kwa kishindo. Panapozuka rashi ya dhahabu, siku mbili tatu hazipiti kabla meza ya vipodozi haijawekwa jirani na banda la chipsi. Mwenye meza hana maabara. Anachojua ni kwamba kikopo chenye picha ya mwanamke mweupe kinatoka haraka kuliko kisicho na picha.

Na anayenunua tusimwone mjinga. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa kuzungumza na wanawake 42 wanaojichubua. Sababu walizotoa hazikuwa kutaka Uzungu tu. Wapo waliotaka kuondoa chunusi na vipele. Wapo waliotaka ngozi laini. Wapo waliotaka kumridhisha mwenzi. Na wapo waliokuwa wanapaka ili kuficha uharibifu ulioletwa na kupaka kwa muda mrefu! Mabrazameni mnaojifanya kucheka, hapo kwenye kumridhisha mwenzi mnatajwa ninyi. Unayesifia kila mweupe anayekatiza mbele ya kijiwe, usije ukashangaa wa kwako akirudi nyumbani na kikopo mkobani.

Kuna jambo moja kuhusu jua ambalo watu wa kanda hii wanalijua kwa karibu. Ndugu zetu wenye ualbino hawana ule mwavuli wa melanini, na saratani ya ngozi inawawahi wangali vijana. Kwa ajili yao kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kinatengeneza krimu maalumu ya kukinga jua iitwayo Kilisun. Yaani kuna watu wanahangaika kuutafuta mwavuli ambao wewe unalipa fedha uvuliwe.

SOMA KIKOPO KABLA HUJALIPA

Sasa tuje kwenye kazi. Kipodozi chenye zebaki mara nyingi hakiandiki zebaki. Tafuta maneno kama mercury, Hg, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au ammoniated mercury. Hidrokwinoni huandikwa hydroquinone. Steroidi zinajificha kwenye majina marefu: clobetasol, betamethasone, fluocinonide. Andika majina hayo kwenye karatasi, tia kwenye pochi.

Kuna dalili nyingine ambayo naipenda kwa sababu inaendana na huku kwetu. Baadhi ya krimu zenye zebaki huandika onyo dogo kwamba zisigusane na dhahabu, fedha, alumini wala mapambo ya mwili. Mtoto wa Geita hahitaji tafsiri ya onyo hilo. Krimu inayogombana na pete yako unaipeleka usoni ya nini?

Kikopo kisicho na orodha ya vilivyomo, kisicho na jina la mtengenezaji, au kilichoandikwa lugha ambayo hata muuzaji haijui, kiache hapohapo. Na ule mkorogo unaochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo ukafungwa kwenye nailoni, huo hata kuujadili ni kupoteza wino.

Halafu kuna ujanja wa siku hizi. Wafanyabiashara wameona wateja wanaogopa kemikali, basi kila kitu kimekuwa cha mimea tupu. Jani limechorwa kwenye lebo, biashara imekwisha. Mpenzi msomaji, hilo jani siyo cheti. Kitu kinachodai ni asilia halafu kinakufanya mweupe ndani ya siku saba, kuna mgeni ndani yake. Karoti hazina nguvu hizo.

Na kwa upande wa pili, siyo kila kilichotoka kiwandani ni sumu. Mafuta ya mgando ya kawaida, yale meupe yasiyo na makeke, yamesafishwa vizuri, ni ya bei ya chini na hayana neno kwenye ngozi. Kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke. Kama mfuko umetoboka kabisa mwezi huu, oga, usijifute ukakauka sana, jipake mafuta ya mgando ngozi ikiwa na unyevunyevu. Umemaliza. Waliokuuzia losheni ya bei mbaya hawatakuambia hivyo.

MALI IKO MSITUNI

Lakini anayetaka kitu cha asili kweli, mkazi wa Bukombe ana bahati ambayo mtu wa Kariakoo hana. Wilaya hii ni ya asali. Misitu ya miombo ya upande wa Kigosi imejaa nyuki, na urinaji ni kazi ya mababu. Kila mtu anaikimbilia asali. Sega likishakamuliwa, au likishatumika kwenye wanzuki, warinaji wengi wanalitupa. Hapo ndipo penye kipodozi! Nta ya nyuki ndiyo hiyohiyo wanayonunua viwanda vya Ulaya kwa ajili ya vipodozi vyao, na Tanzania imekuwa ikiisafirisha tangu enzi za Mjerumani. Inakwenda huko, inatiwa harufu ya waridi, inarudi kwenye kikopo kidogo kwa bei ya mbuzi.

Nta ni rahisi kuipata. Chukua masega yaliyokamuliwa, yatie kwenye sufuria ya maji, pasha moto taratibu mpaka yayeyuke, chuja kwa kitambaa safi, acha ipoe usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi utakuta sahani ya nta ya njano imeelea juu, uchafu umebaki chini. Kwangua uchafu wa chini ya sahani hiyo, na ikibidi rudia mara ya pili. Kama unainunua tayari, mwendee mrinaji mwenyewe. Nta nzuri inanukia asali na inalainika ukiishika kiganjani. Ile nyeupe pee isiyo na harufu yoyote, uliza kama siyo mshumaa.

Mafuta nayo yapo. Alizeti inakamuliwa kanda nzima. Mafuta hayo yana sifa nzuri kwa ngozi: mwaka 2005 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha matokeo ya hospitali moja ya Bangladesh, ambako watoto njiti waliokuwa wanapakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko wasiopakwa. Ngozi ya njiti ndiyo laini kuliko zote, sasa yako je? Hospitalini walitumia mafuta yaliyoandaliwa kwa usafi, kwa hiyo na wewe ya kienyeji yaache yatuame, uchukue yale safi ya juu. Ufuta unafaa. Nyonyo inafaa pia, ila ni nzito na inanata, ichanganye kidogo tu. Nazi ni nzuri lakini imesafiri kutoka Pwani na nauli yake unailipa wewe. Mafuta ya mbegu za pamba yaliyokamuliwa tu bila kusafishwa, yale meusimeusi, niachie mimi nisiyapake, maana mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili na shamba la pamba limeonja dawa ya wadudu.

Vipimo: kijiko kimoja cha nta iliyoyeyuka kwa vijiko vinne vya mafuta. Kwa midomo na magaga ya miguu, mafuta yawe vijiko vitatu ili iwe ngumu zaidi. Usiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya mkaa, nta inashika moto kama petroli ikizidi joto. Tia bakuli la nta na mafuta ndani ya sufuria yenye maji ya moto, koroga mpaka vishikane, mimina kwenye vikopo vilivyooshwa na kukauka kabisa. Kabla ya kumimina dondosha tone juu ya kijiko cha baridi. Likiwa gumu sana ongeza mafuta, likiwa jepesi ongeza nta.

Hesabu yake iko hivi. Robo kilo ya nta na lita moja ya mafuta ya alizeti vinatoa zaidi ya kilo moja ya mafuta ya kupaka, yaani vikopo kumi na kitu vya gramu 100. Ulizia bei ya nta na ya mafuta sokoni leo, gawanya kwa kumi, halafu linganisha na losheni yako ya sasa. Mashoga watano wakichanga, kila mmoja anaondoka na vikopo viwili, kimoja chake na kimoja cha kumpelekea mama. Wengine watasema ni kazi. Kupanga foleni saluni siyo kazi?

Maji usitie. Mara nyingi anayetengeneza losheni nyumbani anakosea hapo. Maji yakiingia, wadudu wasioonekana na ukungu vinaingia pia, na viwanda vinatia dawa ya kuhifadhi kwa sababu hiyo. Asali nayo haichanganyiki na mafuta, itazama chini. Asali ina matumizi yake peke yake: paka nyembamba usoni uliooshwa, kaa robo saa, osha. Shubiri, yaani alovera, kata jani, lisimamishe mpaka ule utomvu wa njano umwagike wote, tumia ule ute mweupe wa ndani. Utomvu wa njano unawasha.

LIMAO NI LA CHAI

Sasa niseme jambo ambalo wapenzi wa asilia hawalipendi. Ukali wa mmea haujui kwamba wewe ni shabiki wake. Limao usoni halafu ukatoka juani, unaungua, na alama nyeusi zinakaa miezi. Utomvu wa papai bichi unachubua. Magadi yanakausha ngozi mpaka inapasuka. Sabuni ya miche ya kufulia ni ya nguo, uso wako siyo kola ya shati. Sabuni ya kutengeneza mtaani nayo, kama haikuachwa ikapumzika majuma manne hadi sita, magadi ya moto bado yamo ndani. Liwa na manjano ya akina dada wa Pwani na Visiwani ni mazuri kwa kusugua taka, mradi usitegemee yabadilishe rangi. Parachichi mimi naona lina kazi nzuri zaidi kwenye sahani.

Kitu chochote kipya, cha dukani au cha msituni, kijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono. Paka kidogo, ngoja siku nzima. Pakiwasha, pakivimba, achana nacho, hata kama jirani kimempendeza.

Mafuta ya nta hayatakufanya mweupe. Nalisema mapema ili usije ukanitafuta. Yatazuia ngozi isipauke kiangazi kile cha Juni mpaka Agosti ambapo upepo wa Bukombe unakausha mpaka kope. Yatalainisha viwiko na kuyatuliza magaga. Chunusi hayaponyi, na mwenye ngozi yenye mafuta mengi apake mikono na miguu tu, uso autie kidogo sana au auache.

Na wewe ambaye umeshazama kwenye mkorogo miaka kadhaa, usiutupe leo ukaruka na nta kesho. Kama kikopo chako kina zebaki au hidrokwinoni, acha mara moja. Usikitupe shimoni wala usikichome, maana moshi wake ni uleule wa mgodini. Kifunge vizuri kwenye nailoni, kiweke mbali na watoto. Kama ni steroidi, au hujui ni nini, nenda nacho hospitali. Usione aibu, mwonyeshe daktari kikopo chenyewe, atakupangia namna ya kupunguza polepole ili uso usikulipukie. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mwambie hivyo kabla ya mambo mengine, naye ataamua kama kuna haja ya kupima mkojo na figo. Jua likiwa kali vaa kofia au jifunike kanga, kwa sababu ngozi iliyochubuliwa haina kinga, na rangi yako itachukua miezi kurudi. Itarudi kwa mabakamabaka mwanzoni. Watakaokucheka watakuwapo, ni walewale wa Fanta na Coca-Cola.

Vikopo vya nta viweke mbali na jua na uchote kwa kidole kikavu. Tengeneza vya kutosha miezi miwili tu. Vikianza kunuka kama mafuta ya chipsi ya juzi, usipake tena mwilini. Pakia viatu vya ngozi, vinang'aa vizuri sana.